Chama si boma la mtu

Juzi stejini Kedowa mzee mmoja alituambia korti ziache vyama vya siasa vimalizane vyenyewe, eti mambo ya boma hayapelekwi kwa jaji. Wasee wa boda wakaitikia. Mimi nilikataa, na bado nakataa.

Boma gani linalishwa na kodi? Sheria inasema hazina ya vyama itengewe angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Hiyo ni pesa ya unga wako, na ya hiyo bando unanisomea nayo sai. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini Kifungu cha 91 cha Katiba nimekisoma: uongozi wa chama lazima uchaguliwe kidemokrasia. Kisipofanya hivyo, nani atakiambia? Mwenyekiti wake?

Na tusijifanye tumesahau. 2021 Jubilee ilimfukuza Isaac Mwaura, aliyekuwa upande wa Ruto, kiti chake cha useneta kikatangazwa wazi, Mahakama Kuu ikasimamisha. Nani huku Kericho alisema korti inaingilia? Tulishangilia! Sasa chama chetu ndicho kiko juu, ghafla majaji wana kiherehere.

Huku kwetu mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Ukipata tiketi ya chama kinachovuma, Agosti ni kungoja kuapishwa tu. Anayeiba mchujo ameiba kiti kabla IEBC haijachapisha hata karatasi moja. Na aliyeibiwa haruki hadi kortini hivi hivi. Tangu sheria irekebishwe 2022, lazima aonyeshe alijaribu kwanza kutatua ndani ya chama, ndipo Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa limsikize. Chama kimepewa nafasi ya kwanza. Kikikalia malalamiko hadi siku zipite, mnataka jaji naye anyamaze?

Ndio, korti nazo huchosha. Ile vita ya Kioni na Kega, nani katibu mkuu wa Jubilee, ilianza 2023 ikazunguka hadi watu wakaacha kufuatilia.

Lakini skiza. Nilipoangalia mtandaoni nilikuta mimi ni mwanachama wa chama fulani. Sikitaji. Sijawahi kujisajili, hata ofisi yake sijui iko wapi. Nikipiga simu hawashiki. Sasa huyo mzee anataka nikalalamike kwa nani, kwa hao hao walioniandikisha?