Umempenda Yeye au Mkataba Wake?

Mwezi huu tuongelee mshiko. Najua wengi hamtaki kuugusa mkiwa kwenye raha zenu, lakini mapenzi bila kuongea pesa ni kama kupika bila kuonja: chumvi mtaijulia mezani, wageni wameshakaa.

Nina shosti wangu mmoja, miaka mitatu iliyopita alinipigia simu usiku huku anapiga vigelegele. Mchumba wake kasaini mkataba wa kazi wa miaka miwili, mshahara mnono. Haukupita muda wakahamia nyumba kubwa, wakachukua gari kwa mkopo, mipango ya harusi ikapamba moto. Miaka miwili ikaisha, mkataba haukuongezwa. Mkopo wa gari? Ulikuwa wa miaka minne! Harusi ikaahirishwa na lawama zikaanza: "Si uliniambia una kazi ya uhakika?"

Nilimkumbuka juzi nikisoma habari za besiboli, ule mchezo Wamarekani wanaoupenda ile mbaya. Desemba 2024 Juan Soto alikubaliana na New York Mets mkataba wa miaka 15 wenye thamani ya dola milioni 765. Ukisikia hivyo, dada, unaweza kudhani kila mcheza besiboli ni bilionea. Ngoja kwanza.

Msikilize kijana wa Afrika Kusini, Gift Ngoepe. Alisaini na Pittsburgh Pirates mwaka 2008 akiwa na miaka 18. Kusaini si kucheza ligi kuu. Chipukizi wengi hupelekwa kwanza ligi ndogo, wanapanda ngazi moja baada ya nyingine, na wengi wao hawafiki juu kabisa. Gift alifika Aprili 2017, akawa mchezaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka minane ya kusubiri.

Na huko chini maisha yalikuwa magumu. Hadi 2020, kuna ngazi ambazo kima cha chini kilikuwa dola 290 kwa wiki, tena kwa miezi ya msimu tu. Ni 2023 ndipo wachezaji wa ligi ndogo walipopata mkataba wao wa kwanza wa chama cha wafanyakazi, na ngazi ya juu kabisa ya ligi hizo ikapanda kutoka dola 17,500 hadi 35,800 kwa mwaka.

Haya, ukifika juu je? Mwaka 2017 kima cha chini cha ligi kuu kilikuwa dola 535,000 kwa msimu. Tamu, eti? Lakini inahesabiwa kwa siku, karibu dola 2,900 kwa kila siku uliyokuwa kikosini. Ukirudishwa chini, hesabu hiyo inakatika. Gift alicheza mechi 28 mwaka ule, na mwaka 2018 akacheza 13 nyingine na Toronto. Basi. Na hata anayebaki juu, kwa kawaida anahitaji miaka sita ya utumishi kabla hajawa huru kuchagua timu.

Sasa fikiria ungekuwa mchumba wa chipukizi kama huyo. Siku anayoitwa ligi kuu, ungekimbilia kuhesabu laki tano na ushee, au ungeuliza, "Mpenzi, tunazo siku ngapi?"

Yupo pia Bobby Bonilla. Mwaka 2000 Mets walikuwa wanamdai... hapana, yeye ndiye alikuwa anawadai, dola milioni 5.9. Badala ya kuzibeba zote mara moja, alikubali kusubiri na kulipwa takriban dola milioni 1.19 kila Julai 1, kuanzia 2011 hadi 2035. Kaka, wewe na mkeo mngeweza kusubiri miaka 11 bila kurushiana maneno?

Ndiyo maana nasema, mkataba usomwe na wawili. Kabla ya kuhama nyumba, kaeni chini mjibu maswali matatu. Pesa inaingia lini? Inakatika kwa sababu gani? Na ikikatika, tunaishi kwa nini miezi sita? Anayekasirika kuulizwa hayo, afadhali umjue leo kuliko siku mkopo unapodaiwa.

Shosti wangu na mchumba wake bado wako pamoja. Gari waliliuza, wamepanga vyumba viwili. Juzi jamaa kapata mkataba mwingine, wa mwaka mmoja. Safari hii shosti hakupiga vigelegele. Alichukua kalamu, akamwambia, "Njoo hapa, baba, tuusome."

Tukutane mwezi ujao.