KIFAA KIZIMA KISIITWE KIBOVU

Nataka kuleta mbele yenu jambo moja ambalo kila mtu hulinung'unikia nyumbani kwake, lakini wachache hulisema hadharani. Jambo lenyewe ni hili: simu na kompyuta ambazo hazikuvunjika, hazikuungua wala kuingia maji, zakataa kufanya kazi kwa sababu tu programu zake zimepitwa na wakati. Mimi nasema hali hii si ya haki, na dawa yake ipo.

Wazee wetu walinunua baiskeli na cherehani. Baiskeli ikipata pancha, fundi aliyekaa chini ya mwembe aliiziba. Mnyororo ukikatika, aliuunga. Haikuja barua kutoka kiwandani kusema kwamba tangu Jumatatu ijayo baiskeli hiyo isipande tena mlima. Mwenye mali ndiye aliyeamua siku ya kuitupa. Simu ya leo sivyo ilivyo. Mtu ameilipia fedha taslimu, lakini siku ya kufa kwake huamuliwa na watu walio mbali ambao hawakumwuliza neno.

Nitatoa mfano wa hapa hapa Mukendo. Mama yangu huuza dagaa, naye hupata habari za bei na za mzigo kwa simu kutoka kwa wenziwe walioko Mwigobero. Likizo iliyopita programu moja ya ujumbe ilimwandikia kwamba simu yake ni ya zamani mno, kwa hiyo haitapokea ujumbe tena. Kioo chake ni kizima, betri yakaa na moto tangu asubuhi hata jioni, na sauti yasikika vizuri. Fundi aliigeuzageuza, akasema, "Mama, simu hii haina ugonjwa. Nunua nyingine." Hebu yafikirini maneno hayo! Kwa mwenye mshahara mkubwa huo ni usumbufu wa siku moja. Kwa mama ni ndoo ngapi za dagaa? Nasi watoto wake twajua kwamba fedha hiyo hutoka katika fungu lile lile la nauli na madaftari.

Hata yule ambaye simu yake bado yakubaliwa hana raha. Programu hujisasisha zenyewe usiku, na kunapokucha kifurushi cha intaneti alichokinunua kwa wiki nzima kimekwisha. Kila zikisasishwa huwa nzito kuliko jana, mpaka simu ikajaa. Hapo humtaka mwenyewe afute picha za watoto wake ili apatikane nafasi ya kitu ambacho hakukiomba.

Labda mtu atasema, "Mwanafunzi wa bweni haruhusiwi kuwa na simu shuleni, mambo haya yamhusu nini?" Yanihusu sana. Matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne, pamoja na majina ya wanaochaguliwa kuingia Kidato cha Tano, hutangazwa katika intaneti. Anayeomba mkopo wa elimu ya juu huuomba kwa njia hiyo hiyo. Basi kivinjari kinapokataa kufungua ukurasa kwa kuwa ni cha zamani, kinachofungwa si mchezo, bali ni mlango wa mtoto wa mvuvi.

Lakini yafaa niseme kweli ya upande wa pili pia. Watengenezaji wana sababu zao. Wezi wa mitandaoni hutafuta nyufa katika programu kila siku, na kuziba nyufa za programu za miaka mingi kwahitaji watu na fedha. Kampuni ya Microsoft iliitoa Windows 10 mwaka 2015, ikakoma kuipa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Miaka 10 si michache. Walakini Windows 11 iliyofuata hudai kompyuta yenye kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, na tena iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0. Kompyuta nyingi zilizo nzima hazina kifaa hicho. Na shule ipokeayo kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine hupokea pamoja nazo uzee wake.

Tufanye nini basi? Kwanza, mnunuzi aambiwe kweli dukani. Dawa huandikwa tarehe ya mwisho kwenye boksi lake. Kwa nini simu isiandikwe siku ambayo masasisho yake yatakoma? Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, modeli mpya ya simu sharti ipewe masasisho kwa miaka isiyopungua 5 baada ya kuacha kuuzwa, na vipuri vyake muhimu vipatikane kwa miaka 7. Sisi nasi twaweza. Mwezi wa Juni mwaka 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia simu bandia nchi nzima. Ikiwa tuliweza kuikataa simu bandia, hatushindwi kumtaka mwenye simu halali aandike umri wake. Na kama tukishikana na Kenya, Uganda na wenzetu wengine wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hakuna kampuni itakayodharau soko kubwa namna hiyo.

Pili, shule zisitupe kompyuta kabla ya kujaribu Linux. Mfumo huu ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Ufini. Hupatikana bure, na baadhi ya matoleo yake huenda vizuri katika mashine kongwe. Wala si jambo geni kwetu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakisaidiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizoandikwa kwa Kiswahili. Hivyo uwezo wa kujitengenezea tunao; haba ni nia ya kuendelea.

Tatu, sisi vijana tuache kumcheka mwenye simu ya zamani. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini hao hao walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kicheko chetu ni tangazo la bure kwa wauzaji. Afadhali tujifunze kufungua, kusafisha na kutengeneza, ili fundi wa kesho awe na jibu jingine la kumpa mama muuza dagaa.

Nawaomba walimu na wazazi walitafakari jambo hili, na mwenye mawazo mengine ayaandike katika toleo la muhula ujao, tupate kujadiliana.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne