Kusafisha Picha si Kuhamisha Milima

Wapiga picha wa zamani walituachia neno zuri: kusafisha picha. Filamu ilipelekwa studio, ikasafishwa, na kilichofichika ndani yake kikadhihiri. Kusafisha ni kudhihirisha kilichomo. Si kuumba kisichokuwamo. Siku hizi neno limebaki, bali kazi yenyewe imegeuka, na sisi walimu tunanyamaza.

Katika chumba chetu cha walimu ilitundikwa kalenda yenye mandhari ya safu ya Ruwenzori. Ilitupendeza, tukaipeleka darasani ili wanafunzi waitungie insha. Wote waliandika juu ya theluji na ukungu, ila binti mmoja ambaye kwao ni chini ya mlima huo. Yeye aliuliza: "Mwalimu, nyumba zetu ziko wapi?" Tukatazama tena. Penye mapaa ya mabati na nguzo za umeme palitandazwa majani mabichi. Mlima ulibaki, watu walifutwa.

Tutaambiwa kwamba kila picha ni uchaguzi. Ni kweli, wala hatubishani na hilo. Mpiga picha hodari huamka alfajiri, kwa kuwa mwanga wa ubavuni huonyesha mabonde na matuta ambayo jua la utosini huyafuta. Huuhamisha upeo wa macho kutoka katikati, akaipa nafasi kubwa mbingu au ardhi, kwa kadiri ya jambo alilokusudia. Hutafuta njia, mtumbwi au jiwe la kuweka mbele, ili jicho lipate pa kuanzia safari. Akirudi nyumbani hukata kando zisizo na maana, akatia giza hapa na nuru pale. Yote haya ni halali, kama vile mtunzi wa insha anavyochagua maneno yake.

Tazameni kazi ya Ansel Adams wa Marekani. Mwaka 1941 alipiga picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico. Kwa miaka mingi aliichapa upya picha hiyo, akizidi kuitia mbingu giza. Lakini mwezi hakuuhamisha, na kijiji hakukifuta. Kinyume chake, nyumba zile na misalaba myeupe ya makaburini ndiyo roho ya picha. Ondoa makazi ya watu, itabaki mbingu tupu.

Sasa tazameni upande wa pili. Mwezi Februari 1982 jarida la National Geographic lilitoa jalada lenye piramidi za Giza, Misri. Picha ilipigwa kwa upana, jalada likahitaji urefu. Basi kwa kompyuta piramidi zikasogezwa karibu karibu. Majabali yaliyokaa pale zaidi ya miaka 4,000 yalihamishwa kwa ajili ya ukubwa wa karatasi! Lawama zilizuka, na lawama hizo zilistahili.

Wengine watauliza: kuna tofauti gani kati ya kufuta nyumba na kusimama mahali ambapo nyumba hazionekani? Tofauti ni kubwa. Aliyechagua mahali pa kusimama ametuachia njia ya kumhakiki: twende tusimame pale pale, tuone alichokiona. Lakini picha iliyofutwa watu haina mahali pake duniani. Hakuna awezaye kusimama popote akaona alichoonyeshwa.

Na hasara si ya macho tu. Mwaka 1906 Vittorio Sella alizipiga picha barafu za Ruwenzori. Leo tukizilinganisha picha zake na hali ilivyo, tunajua jinsi barafu ilivyopungua. Laiti angaliongeza theluji kidogo kwa ajili ya urembo, ushahidi huo ungalipotea. Je, wajukuu wetu watajifunza nini kutokana na kalenda zetu?

Kwa hiyo, walimu wenzetu, tusiwape wanafunzi picha ya mandhari bila kuwauliza: ilipigwa wapi, lini, na nini kimeondolewa? Tuwafundishe kupamba bila kughushi, katika picha kama katika insha. Njia ya mwongo ni fupi. Yule binti aliifikia mwisho wake kwa swali moja tu, nasi tuliomfundisha kusoma hatukuwa tumeiona.