Usilionee Haya Soko

Msomaji, fikra isiyoulizwa maswali huota mizizi kichwani kama gugu katika shamba. Fikra moja ya namna hii imeenea katika shule zetu: kwamba jumba la maduka, lenye vioo na taa nyingi, ndilo maendeleo, na kwamba soko, pamoja na duka la mtaani, ni masalio ya ujinga yanayongoja kufagiliwa. Nakusudia kuing'oa fikra hiyo, nami nakuomba ushike jembe pamoja nami.

Nilianza kuiogopa siku moja sokoni hapa Naivasha. Mwanafunzi wangu wa chuo cha ualimu alikuwa ameketi nyuma ya mafungu ya viazi ya mamake. Aliponiona, alijitanda leso usoni, akainama kana kwamba ameangusha kitu. Karo yake ilitoka katika viazi vile. Kesho atasimama mbele ya darasa. Je, atawafundisha nini watoto wa wachuuzi, ikiwa yeye mwenyewe anauonea haya mkono uliomlisha?

Sasa tutazame hayo majumba anayoyastahi. Mnunuzi amebadilika, nayo yamelazimika kubadilika. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha zimehamia katika simu. Mtu aweza kuagiza kiatu au sufuria akiwa kitandani, na mwendesha bodaboda akamletea mlangoni. Kwa hiyo jumba la maduka haliwezi tena kutegemea bidhaa peke yake kumvuta mtu. Limeongeza mikahawa, benki, zahanati, vinyozi, na viwanja vya kuchezea watoto, ili watu waje kukutana na kupumzika, na wakiisha kuja, wanunue. Fauka ya hayo, supamaketi zimejifunza kuuza kidogo kidogo. Katika nyingi kuna mashine ya maziwa: mnunuzi huleta chupa yake, hutaja fedha alizo nazo, naye hupimiwa kwa kadiri ya fedha hizo. Zinauza chapati na wali uliokwisha pikwa, na mboga zilizokatwa tayari kwa chungu. Zinawapelekea wateja mizigo nyumbani.

Haya yote husifiwa kuwa ni uvumbuzi mpya. Lakini nakuuliza: ni nani aliyeanza kupima maziwa kwa kikombe, kila mtu kwa uwezo wake? Ni mchuuzi wa maziwa. Ni nani aliyemkatia sukuma wiki mfanyakazi achokaye jioni? Ni mama mboga. Ni nani aliyempelekea jirani mgonjwa unga na mafuta hata mlangoni? Ni mwenye duka la mtaani. Na mahali pa watu kukutana, kupashana habari na kuposa wachumba palikuwa wapi, kama si sokoni siku ya gulio? Mfanyakazi wa mashamba ya maua akaaye Karagita hupokea mshahara mwisho wa mwezi, naye hununua kwa vipimo vidogo ili mshahara umfikishe mwezi mwingine. Wachuuzi walimfahamu mtu huyu zamani, kwa kuwa wanaishi naye. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilikuwa chombo cha sokoni. Basi jumba limekuwa mwanafunzi, na soko ndilo mwalimu.

Tena majumba yenyewe yana asili ambayo hayapaswi kuisahau. Naivas, ambayo leo ina matawi katika miji mingi ya Kenya, ilianza kama duka dogo huko Rongai, Nakuru, mwaka 1990, na jina lake limefupishwa kutoka katika jina la mji wetu. Nakumatt, jina lililotisha washindani kwa miaka mingi, lilikuwa kifupisho cha magodoro ya Nakuru. Lakini usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Nakumatt ilifungua matawi mengi kwa fedha za mkopo, ikakawia kuwalipa waliouletea bidhaa. Walipochoka kungoja, waliacha kuleta. Rafu zikabaki tupu, wateja wakahama, na mwezi wa Januari 2020 wadai wakaamua ivunjwe. Tuskys, ambayo nayo ilichipuka Nakuru, ilianguka vivyo hivyo baada yake. Kioo na taa havikuziokoa. Zilianguka kwa kumdharau mtu mdogo aliyezibeba mabegani.

Utasema, mwalimu, jumba lina wema wake. Kweli, nami sitauficha. Lina bei iliyoandikwa, isiyopanda kwa kutazama viatu vya mnunuzi. Lina stakabadhi, mizani, tarehe juu ya pakiti, na choo safi. Hayo ni haki ya kila mnunuzi, tajiri na maskini. Kwa hiyo soko nalo sharti lijifunze. Mchuuzi anayebonyeza kitako cha gorogoro ili unga upungue ni mwizi, hata akiwa maskini. Mnunuzi wa jumla anayemshurutisha mkulima wa Kinangop kujaza gunia la lumbesa ni mwizi mkubwa zaidi, maana kanuni za mwaka 2019 zimeagiza gunia la viazi lisizidi kilo 50. Na serikali ya kaunti, ipokeayo ada ya mchuuzi, ina deni kwake: paa lisilovuja, mitaro, taa, maji na choo. Anayelinyima soko vitu hivyo, kisha akalicheka kwa uchafu, ni kama amfungaye mtu miguu, kisha akamlaumu kwa kutokimbia.

Kwa hiyo, kijana, sikukatazi kuingia katika jumba la maduka. Ingia, lakini ingia ukiwa na akili. Linganisha bei kwa kilo, si kwa ukubwa wa pakiti. Jiulize kama kitu hicho ulikihitaji kabla hujakiona. Usikope kwa simu ili ununue kitu ambacho utakuwa umekichoka kabla ya kulipa deni. Kisha chukua kikapu, uende sokoni mchana kweupe, umwamkie mchuuzi kwa heshima kama unavyomwamkia mzazi wako, kwa kuwa ni mzazi wa mwenzako.

Na kama mchuuzi huyo ni mama yako mwenyewe, itoe leso usoni. Keti karibu naye, ushike mizani, uwapimie watu kwa haki. Hapo utakuwa umeanza kazi ya ualimu kabla hujapewa cheti.