Kabla ya kushusha pampu, tafuta upepo

Haya wandugu, leo siandiki habari za bumu wala za kudisko. Naandika kuhusu malori ya zamani ya dizeli, maana wapo wengi hapa chuo ambao ada yao inatoka kwenye lori moja tu la mzee nyumbani. Lori likisimama, na wewe umesimama.

Ugonjwa wenyewe unajulikana. Asubuhi linawaka, linanguruma kidogo, halafu linazima. Utingo anapiga pampu ya mkono, linawaka tena. Kwenye kilima halina nguvu. Gereji nyingi jibu ni moja: "Pampu imekufa, tushushe." Mimi nasema hapana! Mtuhumiwa wa kwanza awe upepo, pampu iwe ya mwisho.

Sababu ni hii. Kutoka kwenye tangi mpaka pampu ndogo ya kuvutia, dizeli haisukumwi, inafyonzwa. Mpira ukiwa na ufa hapo, injini ikiwa inaunguruma dizeli haidondoki nje, ila hewa inaingia ndani. Ndiyo maana mtu anakagua, anakuta pakavu, anaapa hapavuji. Sasa hewa inabonyea kirahisi, dizeli haibonyei hivyo. Nozeli za zamani zinataka presha zaidi ya mara 100 ya hii hewa ya kawaida ndipo zifunguke. Pampu ikiminya mapovu, presha hiyo haifikiwi. Injini inazima, pampu inasingiziwa.

Kupima wala si kazi kubwa. Unga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu ndogo, washa, tazama. Ukiona mapovu, rudi nyuma kiungo kwa kiungo kuelekea tangi. Au vutisha dizeli kutoka kwenye dumu safi badala ya tangi. Injini ikitulia, ubovu uko kwenye njia ya tangi: klipu iliyolegea, mpira uliokakamaa, washa ya shaba iliyochoka, au bomba la ndani ya tangi lililotobolewa na kutu. Na sili ya filta msiisahau. Ukishaziba, legeza skrubu ya upepo, piga pampu ya mkono mpaka itoke dizeli tupu bila povu, kaza.

Ila tusiwabebeshe mafundi lawama zote. Wateja tunalipia spea na kazi ya kushusha. Fundi akikaa saa nzima akitazama mpira, tunamwambia hajafanya kitu! Kwa mtindo huo nani atahangaika kutafuta ufa? Tukubali kulipa hela ya kukagua, hata kama fundi ataishia kubadilisha washa moja tu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe hapa ni pampu nzima, pengine na ada ya muhula.

Kwa hiyo mzee akipiga simu kwamba pampu imekufa, mpe pole, halafu muulize kwa heshima: "Shikamoo baba, upepo wameshautafuta?"

Nawasilisha. Mnaobisha, leteni hoja.