Kabla ya kuongeza nguvu ya Mark X, tazama tairi

Mark X ya mwisho ilitengenezwa Japani Desemba 2019. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mitumba lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo mlango wa gari hili kwenye bandari ya Mombasa unakaribia kufungwa. Zile zilizokwisha kuingia ndizo tutakazobaki nazo. Zinazeeka, bei inashuka kila zinapobadilisha mwenyewe, na anayezipokea sasa mara nyingi ni kijana aliyekuwa akizitamani tangu shule. Akishakabidhiwa ufunguo, gari halimalizi mwezi kabla ya kupelekwa gereji kuongezwa nguvu na kushushwa chini.

Wakati huohuo NTSA ilitoa rasimu ya kanuni za ukaguzi wa magari mwaka 2025, inayotaka hata magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka minne tangu kutengenezwa yawe yakikaguliwa kila baada ya muda. Kila Mark X iliyoko nchini imeshapita umri huo. Wengi wetu tumeichukulia rasimu hiyo kama njia nyingine ya kutoa pesa mfukoni, na sishangai. Lakini nikitazama magari yanayopita Nyali, Bamburi na Mtwapa jioni za wikendi, naona tunabishana juu ya ada huku swali lenyewe likiachwa. Kijana anashughulika na injini na sauti. Trafiki anashughulika na vioo vyeusi na bomba la moshi. Kinachoamua nani atafika nyumbani kiko chini, pale tairi linapogusa lami.

Tulielewe gari kwanza. Kwao Japani, Mark X ni sedani ya kifahari iliyokaa ngazi moja chini ya Crown, na toleo la pili, GRX130, lililoanza 2009, limejengwa juu ya msingi mmoja na Crown na Lexus IS. Injini yake ya V6 ya lita 2.5 inatoa nguvu za farasi 203. Ile ya lita 3.5 inafika 318. Uzito ni kama tani moja na nusu, na kwa kawaida nguvu yote inaenda magurudumu ya nyuma. Waliolibuni waliliwekea kikomo cha kilomita 180 kwa saa, kama ilivyo desturi ya magari ya soko la Japani. Sheria yetu inamruhusu mwenye gari dogo la kibinafsi kwenda kilomita 110 kwa saa kwenye barabara kuu na 50 mjini. Yaani gari likiwa halijaguswa na fundi yeyote, lina kilomita 70 za ziada ambazo hakuna barabara ya Kenya linaporuhusiwa kuzitumia.

Sasa hebu tuone pesa zinaanzia wapi. Kwanza bomba la moshi, kwa sababu sauti inasikika mtaani siku hiyo hiyo. Halafu rimu kubwa. Halafu springi zinakatwa gari lilale. Mwisho, kwa mwenye uwezo, kompyuta ya injini inaandikwa upya. Tairi? Zile zile zilizokuja na gari, au za mitumba zilizopatikana kwa saizi ya rimu mpya.

Kwenye injini niseme wazi: Mark X ya lita 2.5 haina turbo. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, na kiwanda kilishakamua karibu kila kilichokuwemo. Bomba jipya na programu mpya vitakupa farasi wachache ambao utawasikia zaidi masikioni kuliko mgongoni. Kelele nazo zina kanuni zake za mazingira tangu 2009, ingawa ukiwa unaishi karibu na barabara ya Links usingejua.

Kwa wenye BMW na Mercedes za turbo hesabu ni nyingine. BMW iliuza injini ya N20 ya lita mbili ikiwa na farasi 184 kwenye 320i na 245 kwenye 328i. Hazifanani kila kipande ndani, lakini utaona nafasi iliyoachwa, na ndiyo maana mtu mwenye kompyuta ya mapajani anaweza kuongeza nguvu ya kweli kwa saa moja. Tatizo ni kwamba programu nyingi za aina hiyo ziliandikwa kwa hewa ya Ulaya na petroli ya okteni 98. Hewa ya Mombasa saa nane mchana ni ya moto, na hewa ya moto ikishindiliwa na turbo huzidi kupata joto. Ongeza petroli ya okteni ya chini kuliko ile programu inayoitaka, na mchanganyiko utaanza kuwaka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Injini inagonga. Kompyuta ikiwa bado ina akili yake, itarudisha nguvu chini kujikinga, na utakuwa umelipia kitu usichokipata. Ikiwa aliyeiandika amezima kinga hiyo, utanunua injini.

Kukata springi ndiko kunakonitia hofu zaidi, kwa sababu kunampa dereva hisia ya uongo. Springi iliyokatwa huwa ngumu kuliko ilivyokuwa nzima, kwa hivyo kwenye lami laini gari linaonekana "limeshika" na halilali sana kwenye kona. Mwenyewe anafurahi. Lakini shoki ni ile ile, ilitengenezwa kuituliza springi nyingine, tena imeshakula kilomita laki moja na zaidi. Na nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka imepungua. Ukiingia kona yenye mabonde kwa kasi, springi inafika mwisho, gurudumu linaruka, na kwa sekunde hiyo hakuna mpira unaoshika barabara. Pembe ya magurudumu nayo imebadilika, ndiyo maana utaona magari haya yameliwa tairi upande wa ndani hadi waya zinachungulia, huku upande wa nje unaoonekana ukiwa mzuri kabisa.

Kushusha gari vizuri kunawezekana. Kuna springi fupi zinazouzwa pamoja na shoki zake, zinashusha sentimita mbili au tatu, na baada ya kufungwa gari linapelekwa alaimenti. Fundi anayejua kazi yake atakuuliza kwanza unapita wapi. Ukivuka Likoni kila siku, mlango wa feri utakujibu.

Basi pesa zianzie wapi? Zianzie kwenye tairi. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mpira hukauka na kuwa mgumu hata ukiwa stoo, na jua la Pwani halisaidii. Tairi inaweza kuwa na mifereji mirefu na ikateleza kama sabuni kwa sababu ya umri. Pia kuna herufi ya mwisho kwenye namba za saizi: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210, V ni 240. Nimeshaona gari lililoandikwa programu mpya ya injini likiwa na tairi za herufi S. Mark X za kawaida zilitoka na saizi 215/60 rimu ya inchi 16, na zile za michezo 235/45 inchi 18. Ukienda juu ya hapo kwenye barabara zetu, unapunguza ukuta wa mpira unaolinda rimu na shimo.

Kisha mafuta ya breki, ambayo hakuna anayepiga picha nayo. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na sisi tunaishi ndani ya unyevu. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kiwango kinachodaiwa ni 155 tu. DOT 3 ni 205 yakiwa mapya na 140 yakishalowa. Shuka mteremko kutoka Mazeras nyuma ya malori, ukikanyaga breki mara kwa mara, joto linafika huko kwa urahisi. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyezeka, na pedali inazama hadi chini bila gari kusimama. Kuyabadilisha kila miaka miwili ni kazi ndogo sana ukilinganisha na bei ya bomba la moshi.

Na bushi. Zile raba ndogo zinazoshikilia mikono ya magurudumu zinapasuka kwa umri, na chumvi ya hewa inakula vyuma vinavyozizunguka. Bushi ikilegea, gurudumu linahama kidogo unapofunga breki, gari linavuta upande, na dereva analaumu barabara. Gari la miaka kumi na tano likibadilishiwa bushi zote, shoki nne na tairi nne mpya za saizi yake, litakata kona vizuri kuliko lenye springi zilizokatwa na rimu za inchi 19. Hayo ndiyo marekebisho ya utendaji. Ni kwamba hayaonekani ukiwa umeegesha.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Kwa sababu ya kasi na mahali tunapoitumia. Ukitoka kilomita 100 kwa saa hadi 140, nguvu ambayo breki lazima ziimeze inakaribia mara mbili. Kwa kilomita 110 gari linapita mita 30 kila sekunde, na sekunde moja ni muda wa kuona mtoto akikimbilia barabarani na kuinua mguu. Nchi hii imekuwa ikizika watu zaidi ya 4,000 wa ajali za barabarani kila mwaka katika miaka ya karibuni, na kundi kubwa zaidi ni la watembea kwa miguu. Barabara ya kwenda Malindi imepita katikati ya masoko, shule na vituo vya bodaboda. Ile ya Dongo Kundu ni pana na imenyooka, inamwita mtu akanyage. Mvua za kwanza za masika zinapochanganya vumbi na mafuta ya malori, gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma, VSC imezimwa kwa kitufe ili dereva aonyeshe ubingwa, huzunguka kabla hajajua.

Turudi kwenye sheria. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki tayari kinataka gari na sehemu zake zote, taa na tairi zikitajwa kwa jina, ziwe katika hali isiyohatarisha. Ukibadilisha injini, rangi au umbo la gari, unatakiwa kuirekebisha rekodi yake NTSA. Kwa hivyo hatukukosa sheria. Tulichokosa ni mtu anayeinama na tochi kutazama upande wa ndani wa tairi. Vizuizi vya barabarani vinajulikana vinavyofanya kazi, na sitaongeza neno hapo.

Naunga mkono ukaguzi wa magari ya kibinafsi, kwa sharti. Orodha ya vinavyokaguliwa ichapishwe, iwe fupi, na ianze na breki, tairi, shoki, bushi na taa. Kipimo kifanywe na mashine inayotoa karatasi yenye namba, mwenye gari abaki na nakala. Bila hivyo tutaishia na stika za kununua, na lile gari lililokatwa springi litakuwa na stika nzuri kuliko zote. Gari lililobadilishwa vizuri lipite. Hata kwenye Safari Rally, iliyorudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, magari yamebadilishwa kila mahali, lakini hakuna linaloanza bila kukaguliwa usalama wake kwanza.

Mafundi wetu wa jua kali wasifanywe maadui katika hili. Wanakata springi kwa sababu mteja ameagiza na kwa sababu hakuna aliyewafundisha kupima. Technical University of Mombasa na vyuo vya ufundi vya kaunti vinaweza kuendesha kozi fupi za wikendi za shoki, pembe za magurudumu na breki, na fundi akapewa cheti cha kutundika ukutani. Mteja atakayehitaji karatasi ya ukaguzi atakitafuta cheti hicho mwenyewe.

Jambo la mwisho ni bima, ambalo wengi hulisikia baada ya ajali. Mkataba wa bima unakutaka useme ukweli wote kuhusu gari unalolikatia. Ukiwa umeongeza nguvu au umeshusha gari na hukuwaambia, umewapa sababu ya kukataa kulipa hasara yako. Andika barua, orodhesha ulichobadilisha, weka nakala iliyopigwa muhuri. Wakikuongezea malipo, utakuwa umejua bei halisi ya zile springi.

Mimi nina Mark X, ya lita 2.5, na iko kwenye rimu za inchi 16. Vijana wa mtaani wananiambia nimelidhulumu gari. Pesa zake ziliishia kwenye bushi, shoki na tairi, na mlango wa feri pale Likoni naupanda bila kusugua chini.