Ndege Waharibifu Wasiachiwe Mkulima Peke Yake

Historia ya mpunga katika Unyamwezi haitenganiki na historia ya watu wa Pwani na Visiwani. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji ilituama Tabora, na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili waliofanya maskani yao huko walilima mpunga kwa chakula chao. Burton, aliyefika Kazeh mwezi Novemba 1857, aliukuta tayari. Leo majaruba yametanda Igunga, Nzega na Uyui. Nasi Visiwani, ambao sehemu kubwa ya mchele wetu hutoka nje, hatuwezi kusema kwamba yanayomsibu mkulima wa huko hayatuhusu.

Yanayomsibu mkulima huyo ni ndege. Wapo wa namna mbili, nao hawafai kuchanganywa. Wa kwanza ni kwelea kwelea. Mmoja hazidi uzito wa gramu 20 hivi, na kwa siku hula punje zipatazo gramu 10. Peke yake si kitu. Lakini kundi lenye ndege milioni moja hula tani 10 kwa siku, na makundi ya namna hiyo si ajabu katika mbuga ya Wembere. Wa pili ni bata bukini wa porini, mwenye miiba kwenye mbawa, ambaye hutoka majini na mabwawani, akala mbegu na miche michanga na kuikanyaga iliyosalia.

Gharama ya ndege hawa haipimwi kwa magunia tu. Mpunga unapoanza kukomaa, mtu hana budi kukaa shambani tangu alfajiri hadi magharibi akiwinga. Mara nyingi mtu huyo ni mtoto. Anapanda dungu na kombeo mkononi saa ambazo wenzake wako darasani. Taifa linalohimiza elimu haliwezi kuridhika na ulinzi wa namna hiyo.

Serikali haikukaa kimya. Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1962, ambalo eropleni zake hunyunyizia sumu makundi ya kwelea kwelea. Kazi hiyo imeokoa mashamba mengi. Lakini eropleni ni chache, nchi za kuhudumiwa ni nyingi, na kwelea kwelea hawangoji barua. Tangu kujenga viota hadi makinda kuruka hazipiti wiki sita hivi. Taarifa ikichukua wiki kadhaa kutoka kijijini hadi wizarani, sumu itamwagwa juu ya viota vitupu. Tena sumu hiyo haichagui: huua bundi na mwewe ambao ni rafiki wa mkulima, na ni hatari kwa wananchi wanaookota ndege waliokufa na kuwala.

Sisi wa Visiwani tunalo funzo letu wenyewe. Kunguru wa India aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji. Akageuka adui wa vifaranga, wa ndege wa asili na wa utulivu wa watu. Katika miaka ya 1990 alipigwa vita hadi akapungua sana. Kazi iliposimama, akarudi kwa wingi. Vita dhidi ya ndege, basi, havimalizwi kwa kampeni moja ya msimu mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, mabwana shamba wa vijiji vilivyo karibu na mbuga wapewe wajibu na usafiri wa kutafuta viota kabla mpunga haujakomaa, na taarifa zao zifike kwa wahusika siku hiyo hiyo. Pili, wananchi wafundishwe kuwanasa kwelea kwelea kwa mitego, kama wafanyavyo wenyeji wa Kondoa, ili adui wa shamba awe kitoweo pale ambapo sumu haijamwagwa. Tatu, bata bukini asihukumiwe pamoja na kwelea kwelea. Makazi yake ni maeneo ya majimaji kama Malagarasi na Moyowosi, yaliyotambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2000. Yeye afukuzwe shambani katika majuma machache ya kupanda, na mashamba mapya yasisogezwe hadi ukingoni mwa maji. Ikilazimu kuwapunguza, kibali kitolewe upesi na idara ya wanyamapori, kwani mkulima anayesubiri kibali hadi mavuno yapite amekwisha kunyimwa.

Mkulima wa Tabora hana uwezo wa kuipeleleza mbuga nzima ya Wembere. Wajibu wake ni kulima na kutoa habari mapema. Wajibu wa dola ni kuitikia habari hiyo kabla makinda hayajaota mabawa.